Picha ya Mtoto wa Kaka

Wifi yangu, mke wa kaka, ana mdomo. Hilo halina ubishi. Lakini siku aliyoingia kwenye chumba changu cha kuchorea alikuwa ameishiwa maneno.

"Wifi, nimeanza kuisahau sura yake."

Mtoto wao alifariki akiwa na miaka minne, na moto uliomchukua ulichukua na picha zote. "Nichoree kabla haijaniponyoka yote," aliniomba.

Nikaona kazi rahisi. Mtoto nimembeba mwenyewe mgongoni, wee! Nilifanya kama ninavyowafanyia wateja wengine ambao marehemu wao hawana picha: pua nikaiazima kwa kaka, paji la uso kwa wifi, masikio kwangu, maana haya makubwa yangu ndiyo aliyorithi, maskini.

Wifi akaitazama. "Huyu ni mtoto wa watu."

Nikachora tena. "Siye." Ya tatu ilimliza. Alisema hata kile kidogo kilichombakia kichwani sasa nimekichafua. Hasira zikanipanda, sijui kwake, sijui kwangu mwenyewe. Nikachovya kitambaa kwenye tapentaini nikaufuta ule uso. Likabaki doa la kijivu katikati ya masikio mawili.

"Acha hapo hapo!" Alinidaka mkono. "Usiguse. Ndiye."

"Ndiye nani? Wifi, hapo hamna kitu."

Yeye alikuwa anacheka na doa.

Jioni kaka alikuja kumchukua mkewe. Hakuna aliyemwambia lolote. Alisimama mlangoni, akatazama, kisha akauliza polepole, "Mbona hajavaa sweta, na kibaridi hiki?"

Nikalisogelea lile doa, nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja. Rangi iliyofutwa, basi. Jamani, nani alimlea yule mtoto mama yake alipokuwa kazini, kama si mimi? Niliwaonea wivu, nasema kweli, na kwa dakika ile niliwachukia wote wawili.

Wakaondoka. Kaka aliilaza picha begani, kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia, uso ukitazama nyuma, kwangu. Wifi akainong'oneza, "Mpungie shangazi mkono." Kisha akanigeukia kwa ukali. "Wewe wifi, mtoto anakupungia, humjibu?"

Nilikuwa nimechora kichwa na shingo tu.

Nikapunga. Niliendelea kupunga mpaka wakakata kona, machozi yakinitoka, na sikuona kitu.