Goti la Baba Robi

Nimechoka. Nasema mapema ili mtu asinishangae nikiongea kwa ukali. Tangu goti la mume wangu Maroa livimbe, mimi ndiye nakamua, mimi ndiye nachota maji, na jioni mimi ndiye naburuta tawi la mgunga kufunga mlango wa boma la ng'ombe. Kwetu Kehancha hiyo ni kazi ya mwenye mji. Mwanamke akionekana anaifanya, majirani huuliza kama mwenyewe ameshakufa.

Mwenyewe alikuwa hai, kwenye kiti, mguu kaunyoosha juu ya debe. Ukimuuliza kama inauma, anajibu, "Kidogo tu." Wanaume wetu wakishasimama mbele ya kisu cha ngariba bila kupepesa jicho, basi hawaumwi tena mpaka kaburini.

Ndugu zake wakasema karogwa. Akachanjwa kwa wembe, akapakwa dawa. Goti likapungua, likajaa tena. Mwishowe tukatumwa Homa Bay kwa daktari wa mifupa, mama wa Kikisii anayeitwa Mokeira.

Daktari akaangalia picha. Mfupa mzima. "Mzee, ulianguka?"

"Hapana."

"Ulichomwa na kitu? Msumari? Mwiba?"

"Hapana," akasema Maroa, akitazama dirisha.

Basi daktari akanigeukia mimi. Huenda ni TB ya mfupa, akasema. Ataanza dawa za muda mrefu, na goti likiendelea hivi litakakamaa, asilikunje tena maisha yake yote.

Nikaona maisha yangu yote mimi. Niliyokuwa nimeyameza yakatoka.

"Haya! Nitafunga boma mpaka nife! Leo tukifika napiga goti pale pale mlangoni, navuta lile tawi, na wewe ukae!"

"Usipige goti pale," Maroa akasema upesi. "Na ushike mbali na shina. Ukishika karibu linaruka. Ndivyo lilivyoniingia hapa."

Kidole chake kilikuwa juu ya goti.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mwiba uliutoa?"

"Niliutoa. Ncha ilikuwa imekatika."

"Mungu wangu! Si nimekuuliza sasa hivi?"

"Mama Robi yuko hapa," akajibu. "Mwanamume atatajaje mwiba mbele ya mke wake?"

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi hata pole yenyewe sikuwa nayo.

Daktari akatueleza kwamba mwiba ni mti tu, picha ya mifupa haiuoni. "Mgunga hauna miguu ya kumkimbia mbuzi, ndiyo maana umejipa silaha. Ncha ikibaki ndani ya goti, mwili unapigana nayo kila siku." Akampeleka kwenye ile mashine ya kuangalia mimba. Maroa akakaa foleni na wajawazito, kofia kaishusha mpaka puani. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Wakaiona. Wakampasua, wakatoa kijiti kisichofika punje ya mchele. Nilikitazama kwenye kisahani cha chuma nikalia kwa hasira. Kwa hiki? Mgongo wangu wote huu kwa hiki?

"Goti litarudi," daktari akaniambia, "mradi afanye mazoezi, na aseme panapouma."

Aseme! Daktari hamjui mume wangu, nikawaza.

Ganzi ilipoisha nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, kichwa kinanianguka. Nesi akapita, akauliza kama mgonjwa anaumwa. Nikafungua mdomo nimjibie, kama nilivyozoea. Maroa akanitangulia.

"Naumwa sana, dada," akasema, machozi yakimtoka mbele ya wodi nzima. "Na huyu mke wangu amechoka. Mtafutie mahali alale."