Planeti Yenye Ilikimbilia Kashebere

Mama Mukasine alikuwa anachambua maharagi nyuma ya butike ya Mama Kavira, pale Kashebere, mvua imetoka tu kukatika, wakati planeti, sayari nzima, ilikuya. Ilitokea kwa barabara ya Masisi, nyuma ya pikipiki yenye ilibeba maziwa, polepole, na matope mupaka kwa kiuno. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, kubwa sawa kichwa ya ng'ombe, na haikukanyaga chini. Ilipita butike, ikapita kanisa, ikarudi, ikasimama kwa mulango ya lupango ya Mama Kavira sawa muntu mwenye anaogopa imbwa.

Pale Kashebere, kitu yote yenye inatokea upande ile, na matope ile, jina yake iko moja: déplacé, mwenye alikimbia vita kwao. Hauulizi anatoka wapi. Unatoa maji kwanza. Na mwenye anatoa maji si mwenye nyumba, hapana. Ni ule mwenye alikimbia mbele ya wengine, juu yeye njo anajua vile magoti inaumaka. Mukasine alikuwa amekimbia tangu zamani. Mutoto yake wa mwisho alizaliwa kwa Mama Kavira, na sasa alikuwa anamuibia biskuti za butike.

Basi Mukasine akaamka, akapanguza mikono kwa kikwembe, akaleta bakuli ya maji. Maji ikaganda.

"Huyu mugeni iko na baridi mubaya," alisema.

Mama Kavira akatosha kichwa kwa dirisha, akauliza kama inakulaka mingi. Njo swali yake kwa kila mugeni. Aliuliza hata juu ya Mukasine, kisha akamulisha myaka yote ile.

Hapo Mukasine akafanya kosa yenye mama yote wa Masisi angefanya: akaiweka karibu ya moto, akaiambia ijisikie kwao. Planeti ikajisikia. Iliangalia ile moto wakati murefu, kisha ikaanza kuizunguka, majiwe tatu na chungu ya maharagi katikati, upande moja mwangaza, upande ingine giza. Kesho yake, upande ya mwangaza ilikuwa imeota majani kidogo, sawa ndevu ya kijana.

Na kukula ilikula. Vumbi ya barabara, majivu, moshi, unga yenye inaanguka kwa kichungi. Ikakuwa sawa ngoma, kisha sawa nyumba ya kuku, kisha sawa nyumba yenyewe, ikapanda juu kidogo ili watu wapite chini. Mama Kavira aliacha kulalamika siku yenye aliweka soda kwa upande ya giza, ikatoka na barafu. Kashebere haina courant ya umeme, lakini taximan walikuwa wanatoka mupaka Mubi juu ya kunywa soda yenye inauma meno. Fromage ya Masisi, ile jibini, ilikaa pale bila kutoka jasho.

Vile ilikomaa, ikaanza kuvuta. Haikuvuta kwa nguvu, ilivuta na heshima. Ukiwa chini yake, uzito yako munagawana na yeye. Chukudu za makala ya kupikia, zile baiskeli za mbao, zilipanda mulima zenyewe, wenyewe wanakimbia nyuma wanaziita sawa mbuzi. Kuku ilitaga, ikaenda kutafuta mayai kwa paa. Dimanche, siku ya misa, korali ya Mama Kavira ilifika kwa Aleluya na miguu juu ya benchi, padri akawaomba washuke kwa sadaka, wakashuka. Wamama walifunga vikwembe na kamba juu ya heshima. Kucheka ilikuwa mingi sana. Hata wenye walikuwa na kilio walicheka, kisha wakaomba musamaha.

Mukasine aliruka mara ya kwanza juu ya kutafuta ule mutoto wa biskuti kwa paa. Alipita paa. Akapita muti ya avoka, akapita eucalyptus, na akaona upande ya Masisi, vilima moja nyuma ya ingine, na kimoja kilikuwa chake. Alikitambua kwa ile bati moja yenye marehemu bwana yake alipigilia kinyume, na alikuwa amekatala kusema ni kinyume mupaka kufa. Kwa shamba, maharagi ilikuwa inaanza kuwa njano. Kwa jikoni yake, moshi ya watu wengine ilikuwa inatoka.

Akashuka. Mama Kavira akamuuliza aliona nini.

"Wanapika," Mukasine alisema. "Na kuni zangu."

Tangu pale aliruka kila asubuhi, sawa vile wengine wanaangaliaka telefone. Maharagi ikikauka bila kuvunwa, inapasuka, inaanguka. Alitaka kuenda kuyavuna. Ni ile tu alitaka kwa dunia, na dunia zile siku ilikuwa nusu uzito. Lakini wepesi ilikuwa inaishia kwa nyumba ya mwisho ya Kashebere. Mbele yake kuko barrière, kizuizi ya wenye bunduki, na kwa barrière kila muntu anarudilia uzito yake yote.

Kisha delegasio ya wataalamu ikafika, na gari ya jipu, na vyombo vya kuangalia mbinguni, na profesa mwenye kofia ya majani. Mukasine alisikia kama ni watu wa kutafutia wenye walipoteza kwao njia ya kurudi. Akaoga, akavaa kikwembe ya misa, akaweka kiti karibu ya moto.

Profesa alielezea watu na furaha mingi. Alisema planeti za vile ziko mingi, hizi siku wanaziona na vyombo vya nguvu, zinatembea kwa giza bila jua, pengine ziko mingi kupita nyota. Kuko zenye zinazaliwa peke yake. Ingine zinazaliwa kwa jua yao, na ndugu zao, kisha planeti kubwa zinakaribia, zinazisukuma inje. Kuko moja waliona inakula vumbi mbio sana kupita vile muntu angefikiri. Watu walisema ndiyo, ndiyo, sawa kwa kanisa.

"Kubwa zinasukuma ndogo," Mukasine alisema.

"Njo vile, Mama. Ni gravité, nguvu ya kuvuta."

"Hata kwetu iko."

Wakapima planeti, wakaipiga picha, wakaomba ruhusa mbele ya kuigusa. Profesa akaapa kama watatafuta jua yake kwa mbingu yote, hata ikamate myaka elfu. Shefu Jean-Bosco wa Kashebere, furaha imemushika, akaipa parcelle palepale, kiwanja kando ya barabara, ya milele. Ni ile parcelle Mukasine alikuwa anaomba tangu mutoto yake hakukuwa na meno. Watu wakapiga makofi, wakapanda juu kidogo.

Mukasine akainua mukono.

"Profesa, kwangu haiko mbali. Ukiruka kidogo, unakuona."

Profesa alikuwa muntu muzuri. Akatosha kofia, akaruka. Akakaa kule juu, anaangalia vile kidole ya Mukasine inaonyesha. Wakati alishuka, hakukuwa tena anacheka.

"Niliona. Kuko bati moja kinyume."

"Njo kwangu."

"Ile, Mama," profesa alisema, "ile iko compliqué."

Shefu Jean-Bosco akasema ni kweli, iko compliqué, ni mambo magumu. Delegasio yote ikakubali. Wakakunywa soda, wakapanda jipu.

Planeti iko pale mupaka leo. Mukasine anakaa nayo kwa ile parcelle, sawa mupangaji, anachunga moto yake, juu moto ikizima mugeni ataenda. Asubuhi kunakuwa foleni. Déplacés wote wa Kashebere wanaruka mumoja mumoja, kila muntu anaangalia kilima chake, wanashuka wanapeana habari wakicheka. Kwangu walikata eucalyptus. Kwangu mbuzi ilizaa mapacha.

Siku ya mavuno Mukasine aliruka kupita siku zote. Kule kwake walikuwa wanapiga maharagi na fimbo, maganda inaruka, nyimbo inafika kidogo na upepo.

"Ilizaa?" Mama Kavira akauliza toka chini.

"Ilizaa mingi."

Akashuka polepole, sawa unga inashuka kwa kichungi. Planeti ikamupisha. Akaongeza kuni kwa moto, akaketi, akavuta lungo, akaendelea kuchambua maharagi ya watu.