Dhamana ya Maisha

Katika duka lile la vyombo vya umeme, kila kitu kiliuzwa kwa dhamana ya maisha. Maduka mengine hukupa mwaka mmoja, na ukirudi unaambiwa umekiharibu mwenyewe. Hapa ni maisha, basi. Wateja walipenda kutania, "Maisha ya nani, yangu au ya pasi?" Fundi wa nyuma ya kaunta alikuwa akicheka nao, mpaka alipoacha kucheka.

Ilianza kwa mwalimu aliyeleta feni. Fundi akaifungua, akapima mota, waya na swichi. Vyote vizima, na feni haizunguki ng'o. Akamwambia apitie Ijumaa. Ijumaa walikuja wanawe kuichukua, macho yamewavimba. Akafuata kinyozi na mashine yake, nzima vilevile, imekufa vilevile. Kinyozi hakurudi, wala hakuna aliyekuja kwa niaba yake. Fundi akajiambia watu hufa kila siku, aache upuuzi. Lakini tangu hapo chombo kizima kikigoma, alishindwa kumtazama mwenye nacho usoni.

Sasa asubuhi hii nani anaingia? Dada yake mkubwa, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, amekumbatia birika la umeme.

"Mdogo wangu, limenigomea. Mliniuzia birika au pambo?"

Fundi alilifungua huku akiomba akute limeungua. Lingekuwa limeungua angelibusu! Alipima waya, akapima koili, akapima swichi. Hakuna hata doa. Akamfuata mwenye duka, aliyekuwa akipangusa vioo vya kabati.

"Bosi, tumpe dada jipya."

"Dhamana yake imekwisha."

"Si ni ya maisha?"

"Ndiyo," bosi akasema, bila kuacha kupangusa. "Yake imekwisha."

Fundi aligeuka. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mzima wa afya, anajipepea kwa ncha ya mtandio na kulalamikia joto.

"Hakuna njia nyingine?"

"Labda awe na mdhamini."

Alilisema neno hilo kama linavyosemwa kwenye ofisi yoyote, pale kijana anapotafuta kazi au shemeji anapokwama polisi. Fundi alijua kwamba hapa si ofisi yoyote. Lakini dada huyu ndiye aliyekuwa akilala njaa ili yeye ashibe.

"Mimi," akasema.

"Umemdhamini?"

"Nimemdhamini."

Bosi aliitikia kwa kichwa, akahamia kioo kingine.

Fundi alirudi mezani, akachomeka birika kwenye soketi. Likaanza kunguruma papo hapo.

"Mikono ya dhahabu hiyo!" dada akapiga makofi. "Na dhamana bado ipo?"

"Ipo, dada."

"Haya. Jumapili njoo nyumbani unywe chai yake, usiniletee visingizio vya kazi."

"Nitajitahidi," fundi alisema, bila kumtazama usoni. Dada hakuona. Alimpiga kikofi begani, akalibeba birika lake, akatoka akicheka.

Fundi alibaki akiitazama soketi. Akachukua bisibisi ya tester, ile yenye kitaa ndani ya mpini. Kila fundi anajua kitaa hicho huwaka kwa umeme unaopita mwilini mwa aliyeishika. Akaweka kidole gumba juu ya mpini, akaitia ncha kwenye tundu la moto, lile lenye umeme. Kitaa hakikuwaka. Akafuta kidole kwenye suruali, akajaribu tena. Hakikuwaka.

"Bosi, nadhani bisibisi hii imekufa."

Bosi alikuja, akaipokea mkononi mwake, akaitia kwenye tundu lile lile. Kitaa kikawaka chekundu.

"Bisibisi haina neno," alisema, akamrudishia.