Farasi wa Bibi Asiye na Alama

Tangu tumzike Bibi, Mama na Mama Mdogo walikuwa hawasemeshani. Kisa? Farasi wa plastiki! Kila mmoja ana wake, mwekundu, asiye na alama ya kiwanda popote, na kila mmoja alinong'onezwa na Bibi: "Wako ndiye halisi, katoka ng'ambo. Wa mwenzako ni bandia. Usimwambie." Sasa nani alipendwa zaidi? Ugomvi ndio huo, mengine yote porojo.

Mimi natengeneza midoli ya zamani na kutambua ilikotoka. Basi wakanivamia dukani, farasi wamefungwa kwenye leso kama wagonjwa.

"Sema ukweli, wewe mtoto," Mama akaanza. "Ila kumbuka nani alikuzaa."

"Na nani alikubeba mgongoni mpaka kiuno kikakatika," Mama Mdogo akadakia.

Makubwa! Nikavaa miwani yangu. Nikawagonga farasi kwa ukucha: sauti moja. Nikawatia kwenye bakuli la maji: wote wakaelea, matako juu. Nikafuata mshono wa tumboni, kwa wote umepinda pale pale. Halafu nikaona, nyuma ya sikio la kushoto, kipele kidogo. Hicho hutoka kwenye kalibu, kile chuma kinachomwagiwa plastiki. Kalibu ikipata kitundu, kila anayezaliwa humo huzaliwa na kipele. Wote wawili walikuwa nacho.

Nikafungua kabati, nikatoa pakiti kuukuu ya sabuni ya unga, haijafunguliwa, ina kidirisha cha nailoni. Ndani, farasi mwekundu anatuchungulia. Na kipele chake sikioni.

"Hiyo ng'ambo ni ipi?" Mama akauliza polepole.

"Ng'ambo ya barabara, Mama. Dukani. Ukinunua sabuni, farasi unapewa bure."

Nikajiandaa kukimbia.

"Mama yetu yule!" Mama Mdogo akalipuka. "Katuchezea shere, dada!"

"Na alivyoapa!"

"Hata kwangu aliapa!"

Wakaangua kicheko, wakashikana mabega, wakamsema marehemu mpaka machozi yakawatoka. Roho yangu ikatulia kabisa. Wakaondoka wameshikana mikono, farasi wao wamewasahau kwenye bakuli.

Mlangoni Mama akageuka. "Na wewe je, hakukupa?"

"Mimi? Wala!"

Nikafunga mlango, nikavuta droo ya chini kabisa. Wangu yumo, mwekundu, amelala kwenye pamba. Bibi alininong'oneza siku ile akinisuka nywele: "Wa mama zako wote wawili ni bandia. Wako ndiye halisi."

Watu huniletea midoli kutoka kila pembe niwaambie asili yake. Huyu sijawahi hata kumgonga kwa ukucha. Nikapeleka kidole nyuma ya sikio lake la kushoto, kikaishia njiani. Nikamrudisha kwenye pamba yake, nikafunga droo.

Wangu ndiye halisi. Anayebisha aje na sabuni yake.