Saa ya Hamdani

Kompyuta ile ilikuwa imechoka, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Hidaya, mwandikishaji wa abiria. Asubuhi ukiibonyeza inakohoa, inanguruma, inanyamaza, mpaka uipige kofi la ubavuni ndipo iamke. Miaka kumi na sita imekaa kwenye ofisi ya umoja wa wenye boti pale Kibirizi, Kigoma, inavuta vumbi la dagaa mpaka tumboni. Fundi akiifungua anatoa magamba. Cheka tu, lakini kila abiria anayepanda boti kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa jina lake limo mle, pamoja na namba ya simu ya mtu wake wa nyumbani. Zikipita saa tano tangu boti itoke na nahodha hajapiga simu kusema kafika, mashine yenyewe inawatumia ujumbe watu wa nyumbani na wenye boti za kuokoa. Kuna watu leo wanakula ugali wao kwa migebuka kwa sababu ya sanduku lile.

Aliyeitunga kazi hiyo ni Hamdani, mume wa Hidaya, fundi redio wa Kasingirima aliyejifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima. Sasa ni mwaka wa nne tangu azikwe. Hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Yote aliyaweka kichwani, na kichwa alikwenda nacho.

Chande, mwenyekiti wa umoja, alikuwa ameshasema lake. "Ijumaa ikifika kazi hii haijahamishiwa mashine nyingine, tunarudi kwenye daftari. Siwezi kulinda roho za watu kwa mashine ya kupigwa makofi."

Moyo ulimchoma Hidaya. Daftari linatunza majina, sawa, lakini halimwamshi mtu boti ikipotea. Halafu yeye na Hamdani hawakujaliwa mtoto. Alichokiacha yule bwana juu ya ardhi ni hicho tu, na kikizimika, amekufa mara ya pili.

Ndipo akaletwa Ikram, binti wa mtaa wa Mwanga aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam akarudi kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi ya marehemu unaijua?"

"Siijui, na wala sitaigusa," alisema Ikram. "Nikianza kuipanga upya nitaiharibu. Nitachukua nakala ya mashine nzima kama ilivyo, na mipangilio yake, na makosa yake, niipandishe kwenye wingu. Ni kama kuhamisha nyumba bila kutoa vyombo. Hata panya tutahama nao."

Hilo wingu, alieleza, si la mvua. Ni mashine za kukodi, maelfu kwa maelfu, zimepangwa kwenye jumba moja huko Ulaya ambako umeme haukatiki. Hidaya alimtazama binti wa watu, akamwona hatanii.

Nakala ilichukuliwa siku moja. Kupanda kulichukua siku tatu, maana mtandao wetu mnaujua, una siku zake. Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi, Ikram alifungua kompyuta mpya ya mezani, akaandika anayoyajua yeye, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Yakaanza kupanda maandishi meupe, mbio mbio, yakakoma. Halafu likaja neno:

HIDAYA, UMEAMKAJE? WASHA FENI KWANZA.

Hidaya alishika meza. Maneno hayo Hamdani aliyaweka mwenyewe, kwa sababu mke wake alikuwa akisahau kuipepea mashine, ikachemka. Sasa mashine kuukuu iko pale pembeni, imezimwa, waya umechomolewa, na maneno yanatoka mbali kuliko alikowahi kufika yeye au Hamdani.

"Subhanallah," alisema. "Amekwenda Ulaya, na bado ananituma."

Ikram alicheka, lakini naye macho yalikuwa yamemlengalenga. Akakagua kila kitu. Majina yapo, namba zipo. Saa akaikagua pia, mara mbili, akaiona sawa. Hidaya akaketi, akaandika boti mbili zilizotoka asubuhi ile na abiria wake sitini na wawili, na saa waliyotoka, kama alivyozoea miaka yote: 1:05. Akabonyeza.

Boti zote mbili zikageuka nyekundu.

Kabla hajafumbua mdomo, nje kukapigwa ukelele. Simu zililia soko zima. Mariana, muuza dagaa ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, aliingia mbio na simu mkononi, kanga inaburuta.

"Mama Hidaya! Bwana yangu Heritier! Wameandika boti yake haionekani!"

Nyuma yake wakajaa wengine, na nyuma yao Chande, jasho linamtiririka. "Mmefanya nini? Watu wanazimia huko nje! Izimeni! Izimeni hiyo kitu, leteni daftari!"

Ikram alikagua tena, haraka haraka. "Sijui, Mwenyekiti. Kila kitu kiko sawa. Nimekagua."

Hidaya alimpigia simu Gasper, nahodha wa boti mojawapo, akaifungulia sauti.

"Nahodha, mko wapi?"

"Tuko wapi tena, Bi Hidaya? Si ndiyo kwanza tumetoka! Hata Mwamgongo hatujafika. Na boti ya wenzetu hii hapa ubavuni, namwona Heritier anakula muhogo."

Mariana aliketi chini palepale, akalia na kucheka kwa pamoja. Watu wakapumua. Chande hakupumua. "Haya, mmeona wenyewe. Imeshapata wazimu. Nikihesabu tatu iwe imezimwa."

"Ngoja," alisema Hidaya. Alikuwa ameinamia kioo. Kiliandika kwamba boti zimekaa majini saa saba na dakika tano. Saa saba! Naye hata uji hajanywa.

"Ikram, hapo juu pameandikwa saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi, mama. Iko sawa."

"Nisomee tarakimu. Usinitafsirie."

Ikram akaangalia. "Nane, kumi." Nane ameiona maisha yake yote kwenye simu, na mdomo wake ukasema mbili bila kumuuliza, kama unavyosema mdomo wako wewe na wangu mimi.

"Ile ya Hamdani saa hizi inaandika mbili," alisema Hidaya. "Nahodha akisema katoka saa moja, naandika moja. Aliirudisha nyuma saa sita makusudi. Alisema mashine ikija Kigoma ijifunze Kiswahili."

"Mama yangu we!" Ikram alijipiga paji la uso. "Niliiona kule kwenye ile ya zamani, nikadhani betri ya saa imekufa. Huko Ulaya ilikoamkia wameisahihisha wenyewe. Zile saa sita ndizo zilizozidi."

"Basi rekebisheni iwe na saa ya kweli!" Chande alifoka.

"Saa ya kweli ndiyo ipi, Mwenyekiti? Wewe leo umeamka saa ngapi?" aliuliza Hidaya.

"Saa kumi na moja alfajiri, na hayo..." Chande akaishia hapo. Wanawake mlangoni waliangua kicheko, na Mariana akacheka kuliko wote.

Ikram hakugusa hata herufi moja ya kazi ya marehemu. Aliiambia mashine isisikilize tena saa ya wenyeji wake, akairudisha nyuma saa sita. Nyekundu ikafutika. Ujumbe wa kuomba radhi ukaenda, kila boti ikasomeka ilivyo, na mchana nahodha Gasper na mwenzake walipopiga kusema wamefika salama, majina sitini na mawili yakawa kijani. Chande alisimama nyuma ya kiti akayatazama yote. Hakutaja daftari tena.

Hidaya alikaa na jambo moja lililomshinda ukubwa. Kwenye jumba lile la Ulaya, kati ya mashine maelfu zinazofuata saa ya dunia, ipo moja inayojua kwamba Kigoma jua likishapanda juu ya vilima ni saa moja. Imekwenda na akili ya mtu wa Kasingirima aliyelala chini ya ardhi mwaka wa nne. Alitaka kumwambia mtu, ila wa kumwambia alikuwa yuleyule.

Ijumaa alifika mapema. Chande alimkuta amefungua kompyuta, maneno yameshatokea, naye amesimama kwenye kiti anahangaika na waya wa feni.

"Feni ya nini, Bi Hidaya? Mashine si iko Ulaya?"

"Inawezekana," alisema Hidaya, na kuiwasha. "Lakini nimeambiwa niwashe."