Mlimau Mbichi

Mtaani walimwita Fundi Taratibu, na jina lilimkaa. Ukimpelekea kazi ya kukereza miguu ya meza, ujue utakula sakafuni mpaka uzoee. Lakini kazi yake ikitoka, lo, hutaiona kasoro.

Upepo ulipouangusha mlimau wa mkewe pale uani, mke mwenyewe alikuwa kitandani, maradhi yamemla akabaki macho na maneno. Akasema, "Baba, nikerezee bakuli kwa mti wangu. Nilishike kabla sijaondoka."

Nani hukereza mlimau? Kigogo cha kufaa kilipatikana kimoja tu, nacho kibichi. Fundi alikifunga kwenye mashine yake ya kuzungushia mti, akakichonga juu juu, bakuli nene lisilo na sura, akalifukia ndani ya vumbi la mbao likauke polepole. Mti mbichi ukiumaliza leo, kesho unapasuka.

"Bado tu?" mkewe aliuliza kila asubuhi.

"Subira huvuta heri, mama."

"Basi mwambie avute haraka, kamba yangu imechakaa."

Fundi alicheka, akaenda bandani akalia. Moyo ulisema maliza, mikono ikakataa. Ndipo akajitia ujanja, maskini! Alichukua kipande cha mfenesi mkavu chenye manjano yaleyale ya mlimau, akakereza bakuli jembamba linalong'aa, akalisugua kwa maganda ya malimau ya sokoni. La mlimau atampa likikauka, alijiambia, kana kwamba mauti hupanga foleni.

Mkewe alilipokea kwa mikono miwili, akalileta puani.

"Ahsante, mume wangu. Zuri." Akalilaza kifuani, na fundi akashusha pumzi.

Wiki haikuisha, wakamzika.

Wageni wa msiba walipotawanyika, binti yao alikuwa chumbani akikunja shuka za mama yake. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda na lile bakuli mapajani.

"Angalau alilishika bakuli lake," alisema.

Binti aliacha kukunja. "Baba, alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba si mti wake. Alisema linanuka maganda, na mlimau wake anaujua hata akifumba macho. Akanikataza nisikwambie, eti umehangaika sana. Lakini mimi siwezi kubaki na hili peke yangu, Baba."

Kumbe yeye ndiye aliyedanganywa, tena kwa huruma. Fundi aliona aibu iliyomchoma kuliko kilio cha mazishini. Aliinuka, akaenda bandani, akafukua lile bakuli nene, akalifunga kwenye mashine. Patasi ilipouma, harufu ya mlimau ikajaa banda zima.

Binti alimfuata mbio. "Baba, si bado bichi? Litapasuka!"

"Na lipasuke." Machozi yalimtiririka, mikono haikusimama. "Mama yako hakuniomba bakuli lisilopasuka. Aliniomba lake."