Nyumba Wazi Turffontein

Octave, dalali wetu wa nyumba, alikuwa na sharti moja lililonikera tangu siku ya kwanza. Jumapili, watu wakija kuangalia nyumba, wenyewe tusiwepo. Yaani wageni waingie kwangu, watembee mpaka chumbani kwangu, na mimi niwe nje kama mtu aliyefukuzwa.

"Mama, ukibakia mu nyumba, batu habatakuwa huru," alinieleza. Octave ni Mkongo wa Lubumbashi, kijana mpole, viatu vinang'aa hata siku ya matope. "Banaogopa kusema."

"Kusema nini?"

"Vile dari inavuja, mama."

Basi tukawa tunatoka. Mimi na mume wangu Adamu tulikaa kwenye gari ng'ambo ya barabara, yeye kajifunika blanketi, tukiwatazama watu wakisukuma geti letu. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Najua si kosa lao. Hapa Johannesburg bango la dalali likishawekwa getini, mlango ni wa kila mtu. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu hata dada yako wa tumbo moja husimama nje, akabisha hodi, akangoja aambiwe karibu. Kila Jumapili nilirudi ndani nimechoka mpaka mifupa, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa tu.

Nyumba ni ya zamani, ya enzi za migodi, si mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Dari la sebuleni ni la bati lililopigwa chapa ya maua, sakafu ni ya mbao, na mbele kuna baraza jekundu nililolisugua kwa nta kwa mikono yangu. Tuliinunua kwa bibi mmoja wa Kireno, binti yetu Mayasa akiwa bado hajatambaa. Sasa Mayasa ni mwalimu, ana kwake, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza.

Mimi sikutaka kuuza. Aliyetaka ni Adamu, na sababu alikuwa nayo. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na madaktari walikuwa wameanza kuzungumza naye kwa upole mno.

"Nataka nishuke Tanga kwa miguu yangu," aliniambia, "si ndani ya sanduku."

Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo.

Jumapili moja ya baridi kali Adamu akakataa kwenda kukaa garini. Kifua kinabana, alisema, atalala chumbani, na anayetaka kukiona chumba amwone na yeye humo. Nami nikapata kisingizio cha kubaki. Octave akashusha pumzi, akaenda kusimama getini.

Walikuja wengi. Mmoja aliichukua mbuzi yangu ya kukunia nazi, akaigeuzageuza akishangaa ni kiti gani hiki chenye meno, kisha akaisukumia nyuma ya mlango wa jikoni. Mwingine alimuuliza mkewe, mbele yangu, nani aliyepaka rangi mbaya hivi. Niliyepaka ni mimi.

Halafu akaja bwana mmoja wa koti la ngozi. Huyo hakuangalia dari wala sakafu. Aligonga kuta kwa vidole, akamwambia Octave kwamba sebule itatoa vyumba vitatu vya kupangisha, baraza litazibwa litoe viwili, na hilo dari kuukuu litang'olewa lote. Fedha alikuwa nazo tayari, hakuhitaji benki. Mwezi uliofuata tungekuwa Tanga.

Octave alijawa na furaha. Mimi nikamwita yule bwana jikoni nikamfungulia yote: bati linavuja juu ya korido, bomba la maji machafu hurudisha mvua ikinyesha, ukuta wa bafuni una unyevu usiokauka. Kila neno lilikuwa kweli. Kisha nikaongeza kwamba majirani ni watu wa kelele na ngumi, na huo ulikuwa uongo mtupu. Bwana akatazama saa yake, akaaga, akaenda zake.

"Eish, mama," Octave akasema. Akarudi getini.

Nilipoingia chumbani Adamu alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika.

"Mwanaharusi," akaniita, "mimi sina Jumapili nyingi. Muuzie yeyote."

Niliona aibu, aibu ya mtu mzima. Nilikuwa namnyima mume wangu kwao kwa ajili ya dari. Nikamwomba radhi, nikatoka mbio nimwambie Octave amrudishe yule bwana. Nilikuwa katikati ya korido niliposikia sauti ya mwanamke huko nje.

"Hodi!"

Nikasimama. Nikamsikia Octave akimwambia aingie tu, geti si liko wazi.

"Nitaingia aje, na mwenyewe hajanijibu? Hodi hapa!"

"Karibu," nikasema kabla sijafikiri. "Karibu ndani."

Jina lake Léocadie, mshonaji wa nguo kutoka Bukavu, aliyekuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa jirani wa Rosettenville, kitanda na cherehani vikigombania nafasi. Alivua viatu barazani.

"Jua inaingiaka wapi asubui?" akaniuliza.

Nikampeleka chumba cha mbele. Akanyoosha mkono kwenye mwanga wa dirishani, akautazama, akaridhika. Naye nikamwambia habari za bati, bomba na unyevu. Majirani niliwaacha na amani yao.

"Hiyo itatengenezwa, mama," akasema. "Lakini mimi nitapitia benki. Itakamata wakati."

Wakati ndio tuliokuwa hatuna. Nikageuka. Adamu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Hilo dari la sebuleni," akamuuliza, "utaling'oa?"

"Dari muzuri hivi, papa? Niing'oe ya nini?"

Adamu akanigeukia.

"Muuzie huyu," akasema. "Mimi nitangoja."

Akangoja. Benki ikavuta, mawakili wakavuta, na Adamu akaacha hata kwenda barazani. Mwishowe niliogopa. Mayasa akamchukua akatangulia naye Tanga, mimi nikabaki kukabidhi funguo. Uwanja wa ndege alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na nilirudi nyumbani sina uhakika kama nitamwona tena. Kesho yake Mayasa akanipigia simu, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Mama, Baba ameshuka. Ngazi zote. Yeye mwenyewe."

Nililia palepale jikoni, nimekaa juu ya maboksi.

Siku niliyomkabidhi Léocadie funguo, naye kaja na cherehani yake, Octave alikuwa akinipeleka uwanja wa ndege. Tulikuwa tumesimama kwenye robot ya pili, taa za barabarani, nilipoikumbuka mbuzi yangu nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamwambia ageuze gari.

Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Nikaweka mkono nilisukume, kama nilivyolisukuma miaka yote. Kutoka chumba cha mbele nikasikia cherehani, tayari iko kazini. Nikauondoa mkono.

"Hodi!"

Cherehani ikanyamaza.

"Ni nani?" Léocadie akauliza.

Majibu yote niliyoyazoea pale getini hayakuwa yangu tena.

"Ni mgeni," nikasema.